Ibada Mbili, na Makofi Niliyopigiwa Mpanda

Alhamisi, jioni. Kibaoni.

Mke wangu anasema mvua imenyesha huku mchana kutwa. Mpanda nilikotoka kulikuwa na jua kali. Nimeoga, nimekunywa chai, nimekaa barazani na kompyuta magotini, upepo wa baada ya mvua unapita vizuri kabisa, na bado uso wangu una moto. Nikikumbuka kidogo tu, unawaka upya.

Leo nimepigiwa makofi na wachungaji wenzangu. Wengine walisimama.

Nilikuwa nimetoka kusema uongo.

Mnaonisoma hapa mmezoea makala zangu za uongozi na ubunifu kanisani. Leo sina makala. Naandika tu kama mtu anayejisemea mwenyewe, halafu nitaiacha hapa hapa, kwa sababu sifa zangu zote nilizianika hapa hapa.

Kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa msimamizi wa mauzo ya soda na maji, Mwanza. Niliipenda ile kazi kuliko ninavyokubali mbele ya waumini. Tulifundishwa kwamba wateja hawafanani. Mwanafunzi ana chupa yake ndogo, mwenye harusi ana kreti zake, dereva wa lori anataka maji ya baridi asubuhi na mapema. Ukitaka kumhudumia kila mtu kwa kitu kimoja, utauza kidogo na kuchoka sana. Ligawe soko, kila kundi lipe chake. Nilikuja na somo hilo hadi Kibaoni.

Kanisa nililopangiwa lilikuwa na watu wa namna mbili. Kuna Wapimbwe na wenyeji wengine wa siku nyingi, watu wa mahindi na mpunga. Kuna Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wengi wakiishi upande wa Kasansa. Wote walisali ibada moja. Mimi nilihubiri kwa Kiswahili, na Mzee Jilala, Msukuma, mmoja wa wazee wetu wa kanisa, alisimama pembeni yangu akitafsiri kila sentensi kwa Kisukuma. Ibada ilikuwa ndefu jamani! Vijana walitoka nje kuchezea simu. Nikisema kichekesho, nusu ya kanisa wanacheka, na nusu nyingine wanacheka baadaye, wakati mimi nimeshaingia kwenye habari za msiba.

Na ikiisha, haiishi. Watu walibaki nje wamesimama kwenye kivuli cha ukuta, akina mama wakigawana karanga za kuchemsha, wanaume wakiongea mambo ya mashamba na mifugo. Nilikuwa nawaona kupitia dirisha la ofisi. Mtu anasema, "Jilala, ng'ombe wako walipita kwangu juzi." Jilala anasema, "Nisamehe ndugu yangu, kesho nakuja tuangalie." Na kweli kesho yake anakwenda. Mimi nilisikia haya yote kwa masikio yangu, na kwenye daftari la mipango nikaandika kwamba muda mwingi wa Jumapili unapotea kwa mazungumzo.

Mwaka jana nikapeleka pendekezo kwenye baraza la wazee. Ibada mbili. Asubuhi ya Kisukuma, Mzee Jilala ahubiri mwenyewe. Saa nne ya Kiswahili, nihubiri mimi. Niliwachorea miduara miwili kwenye karatasi kubwa ya ukutani. Kila mduara una watu wake, kwaya yake, darasa lake la ubatizo.

Mama Anyesi, mzee wa kanisa, mjane wa Kipimbwe ambaye amekuwepo tangu kanisa hilo likiwa la nyasi, aliniuliza swali moja.

"Mchungaji, sisi tukifika, wao wameshaondoka. Sasa tutaonana wapi?"

Nikamjibu, "Mama, mabadiliko yoyote yana maumivu yake." Wengine wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Niseme ukweli mwingine nao, nisije nikajifanya nilikuwa mjinga tu. Ibada zile zilijaa. Bibi wa Kisukuma ambao kwa miaka walikuwa wanasinzia wakisubiri tafsiri, walianza kulia kwenye mahubiri, wakisema sasa Mungu anaongea nao moja kwa moja. Vijana walirudi ndani saa nne. Nilifurahi, na sikukosea kufurahia hilo. Nikaandika hapa, mkasoma, mkaniandikia maneno makubwa. Ofisi ya kanisa letu huko Mpanda ikanialika niende nifundishe wachungaji wengine kwenye semina. Ndiyo hiyo ya leo.

Wiki iliyopita ng'ombe wa Jilala waliingia kwenye mpunga wa Mama Anyesi.

Mpunga ulikuwa umeshaanza kuinamisha vichwa. Aliyekuwa anachunga ni Maduhu, mtoto wa kaka yake Jilala, aliyekuja na mke wake kutoka Shinyanga baada ya sisi kuanza ibada mbili. Aliyekwenda kuwatoa ng'ombe ni Kasiano, mtoto wa mwisho wa Mama Anyesi, ambaye alikuwa machimboni kwenye dhahabu miaka yote na amerudi nyumbani mwaka huu. Kasiano alikuwa na panga. Maduhu alikuwa na fimbo. Walianza kwa maneno, kila mmoja akamuita mwenzake jina la kabila lake kwa namna mbaya. Ng'ombe mmoja alikatwa panga la mguu wa nyuma. Kasiano alivunjwa mkono.

Mtendaji wa kijiji aliniita ofisini kwake kabla Kasiano hajapelekwa hospitali. Nilipoingia niliwakuta wamekaa kwenye mabenchi tofauti, mmoja ameshikilia mkono uliofungwa kitenge, mwingine ameinamisha kichwa. Mtendaji alikuwa anawauliza, "Nyie mnafahamiana?"

Kasiano akasema, "Simjui huyu."

Maduhu akasema, "Hata mimi simjui."

Niliwabatiza mwaka huu, wote wawili. Kila mmoja na kundi lake, kila mmoja Jumapili yake, maji ya mto ule ule. Zamani mgeni akija tulimsimamisha mbele ya kanisa zima, akataja jina lake na kwao, watu wakamshika mkono mpaka achoke. Mwaka huu Maduhu alisimama mbele ya Wasukuma wenzake na Kasiano mbele ya Wapimbwe wenzake.

Nilisimama pale mlangoni kwa mtendaji na nikaelewa kila kitu. Sitaki mtu aniambie kwamba sikuelewa.

Jumapili ikafika. Nikasali ibada zote mbili. Ya asubuhi nikaomba amani. Ya saa nne nikaomba amani. Sikutaja shamba, sikutaja ng'ombe, sikutaja majina. Nilijiambia kwamba mambo bado yana moto, nisiyachochee. Lakini moyoni nilikuwa nafikiria semina. Nilikuwa nimeshatengeneza slaidi.

Leo asubuhi tulipanda basi na Mama Anyesi. Kila kanisa lilitakiwa kuleta mzee mmoja, na baraza lilimchagua yeye zamani, kabla ya haya yote. Nilitegemea atakataa. Alisema atakuja, maana Kasiano amelazwa Mpanda na atapata nafasi ya kumwona. Njiani hatukuongea sana. Basi lilipokatiza hifadhi ya wanyama mbung'o waliingia dirishani, akawa anawafukuza kwa ncha ya khanga yake, na wa upande wangu akawafukuza pia.

Ukumbi ulijaa. Projekta ilifanya kazi. Nilianza na kichekesho changu cha soda, wakacheka. Niliwaonyesha miduara miwili, sasa imepakwa rangi. Niliwaonyesha picha ya ibada ya asubuhi, watu wamejaa hadi nje, na picha ya ibada ya saa nne. Nilisema kanisa linaloogopa kubadilika linajizika lenyewe. Nilikuwa naongea vizuri, na kadiri nilivyoongea ndivyo nilivyozidi kuamini. Hiyo ndiyo hatari yangu. Nikishika kipaza sauti najiamini kuliko ninavyojijua.

Wakati wa maswali alisimama mchungaji mmoja wa makamo kutoka Kasokola. Hakuwa na ubishi wowote, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Hao watu wa ibada hizi mbili, mchungaji, uhusiano wao ukoje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulikuwa wazi tayari.

Nikasema, "Uhusiano ni mzuri sana. Umoja upo, Bwana asifiwe. Na mzee wangu wa kanisa yuko hapa, anaweza kushuhudia. Mama Anyesi, hebu simama."

Sijui kwa nini nilifanya vile. Nimejiuliza njia nzima. Nadhani nilijua kwamba hatanikana mbele za watu, na nikautumia wema wake kama mtu anavyotumia kigoda kufikia kitu cha juu.

Mama Anyesi alisimama taratibu. Akajifunga khanga vizuri. Ukumbi wote uligeuka kumtazama. Alinitazama mimi, si kwa hasira, alinitazama kama vile ananitafuta.

"Mchungaji ameshasema," akajibu, akakaa.

Wakapiga makofi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Badala yake nikasema asanteni, asanteni sana, nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Tulipotoka kwa chakula cha mchana yeye hakula. Aliniambia, "Naenda kumwona mwanangu, saa ya kuona wagonjwa ndiyo hii." Hakunialika. Nikamfuata tu, hatua chache nyuma yake, nikiwa bado nimevaa kadi ya semina shingoni.

Wodini tulimkuta Mzee Jilala.

Hakuwa ametuaga wala hatukujua kuwa yuko Mpanda. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda kilicho karibu na mlango, koti lake la Jumapili mwilini, kidumu cha maziwa mgando mkononi, anamwomba msamaha kijana aliyelala pale. Alikuwa anaongea kwa unyenyekevu mkubwa. Anasema ng'ombe ni wake, kosa ni la kwake, kijana wake ni mgeni bado hajajua mipaka. Yule kijana, kichwa kimefungwa bandeji, alikuwa amemtolea macho.

Hakuwa Kasiano. Kasiano alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani.

Jilala alikuwa hajawahi kumwona Kasiano. Mtoto wa Mama Anyesi, mama aliyekaa naye kwenye baraza la wazee miaka yote hiyo, na mzee hamjui kwa sura.

Mama Anyesi alimwendea akamshika mkono. "Siyo huyu, baba. Njoo huku."

Jilala akamwambia yule kijana mwingine, "Pole na wewe," kisha akafuata.

Kasiano alijaribu kukaa. Mkono wake umefungwa plasta ngumu mpaka karibu na bega. Akasema shikamoo, Jilala akaitikia.

"Mimi ndiye Jilala," mzee akasema. "Ni wangu wale ng'ombe."

"Sikuwa nakufahamu, mzee."

"Mimi nasali asubuhi."

"Mimi saa nne," Kasiano akasema.

Basi. Hawakusema zaidi ya hapo kuhusu jambo hilo, na hakuna aliyenitazama. Ingekuwa afadhali wangenitazama. Jilala akaweka kidumu juu ya kabati dogo, akauliza kama mkono unauma usiku. Kasiano akasema unauma. Naye akauliza ng'ombe aliyekatwa anaendeleaje. Jilala akasema tumempaka dawa, anasimama kidogo. Kasiano akageuza uso dirishani.

Ndipo Jilala akanigeukia. "Mchungaji, tuombee."

Sikuweza. Nikamwambia Mama Anyesi, mbele ya hao wengine, kwamba leo nimemsimamisha ili anifunikie uongo wangu, na nilijua mwanaye yuko hapa kitandani, na bado nikafanya. Nikasema nisamehe mama. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza.

Mama Anyesi alikuwa anakunja na kukunjua shuka la mwanaye.

"Nilijisikia kama umenisimamisha nikuuzie soda," akasema. "Sikutaka kukuaibisha mbele ya wenzako. Lakini usinisimamishe tena, mchungaji. Siku nyingine nitasema."

"Sawa, mama."

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema usirudie."

Kisha akaomba yeye mwenyewe. Aliomba kwa Kipimbwe. Mimi sikielewi Kipimbwe. Jilala pia hakielewi, lakini aliinamisha kichwa na kuitikia amina mahali panapostahili.

Nilirudi ukumbini wakati wanagawa vyeti. Nilimtafuta kiongozi wa semina, nikamvuta pembeni, nikamweleza. Nilimwambia kwamba watu wamepigana, kwamba mimi nimeficha. Alinisikiliza kwa upole, akanigusa bega.

"Changamoto haziepukiki, mchungaji. Weka slaidi moja ya changamoto pale mwishoni, halafu nitumie mafundisho yote. Tunataka tuyapeleke kwenye makanisa mengine."

Nikamwambia sitatuma. Akadhani natania.

Nilipaswa kusimama niwaambie wote. Ninajua. Lakini watu walikuwa wanapiga picha na vyeti, wengine wanawahi magari, na mimi nikaruhusu hali hiyo iwe kisingizio. Niliweza kumwambia mtu mmoja tu, yule mchungaji wa Kasokola, nilimkuta nje anafunga begi lake kwenye pikipiki.

"Nilimwona yule mama alivyokaa," akaniambia. Hakushangaa hata kidogo. "Sasa utafanya nini?"

"Nitarudisha ibada moja."

"Umewauliza?"

Nikaivua kadi ya semina shingoni.

"Kugawa uliamua wewe," akasema, akapiga kiki pikipiki yake. "Na kuunganisha unaamua wewe?"

Nilibaki pale na vumbi lake. Nilimkumbuka yule bibi wa Kisukuma anayelia kwenye mahubiri ya asubuhi. Nilikuwa tayari kumnyang'anya hata yeye ibada yake, ili mimi nijisikie vizuri ifikapo Jumapili. Bado ni yule yule msimamizi wa mauzo. Nimegeuza tu karatasi ukutani.

Kwa hiyo nimeamua hivi, na ninaandika hapa ili nisipate pa kukimbilia. Jumapili nitasimama kwenye ibada zote mbili na kusema yaliyotokea shambani, kwa majina, na niliyoyasema Mpanda, na nilivyomsimamisha Mama Anyesi. Kisha nitawaomba wakutane wote, siku watakayochagua wenyewe, wazungumze wanataka kusali vipi. Nitakaa nisikilize. Sitachora kitu. Nikiwa mkweli, hili la kukaa kimya linanitisha kuliko kuungama. Na kama baraza litaona sifai kuwaongoza, watasema, nitaondoka.

Mliosoma makala yangu ya ibada mbili na kuanza kuifuata makanisani kwenu, naomba mnisamehe. Waulizeni watu wenu wanajuana kwa majina au la, kabla hamjagawa chochote.

Nilirudi na Mzee Jilala. Mama Anyesi amebaki na mwanaye. Ndani ya basi mzee alisinzia, akaamka tulipovuka daraja la Sitalike, akawa anaangalia viboko walivyojazana kwenye tope. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Maduhu anataka kurudi Shinyanga. Tangu siku ile hali chakula vizuri, haingii ndani kulala, analala na ng'ombe. Anasema amempiga mtu wa kanisani kwake, hawezi tena kuja kusali. Mke wake ni mjamzito na hataki kusafiri.

"Amekuulizia," Jilala akasema. "Anasema, mchungaji amesemaje?"

Nilimwona Kasiano leo kwa sababu nilifuata mgongo wa mama yake. Kwa Maduhu sijafika hata mara moja, wala sijatuma salamu. Kijana aliyepiga ni rahisi kumsahau, hakuna anayekulaumu ukimsahau.

Mke wangu amesoma haya yote juu ya bega langu. Hakunifariji. Ameingia ndani kunitafutia mabuti ya mvua, kwa sababu njia ya Kasansa, anakokaa Maduhu, itakuwa tope.

Kukipambazuka naenda. Sijui nitamwambia nini. Nimembatiza kwa mikono yangu hii, na sijui hata nyumba yao iko upande gani wa kijiji.

Nitauliza njia.